"Likely", "bound", "sure": namna wasema-Kingereza wanapima uhakika wa maneno yao

Tuseme jamaa moja ya wakimbizi Wakongomani iko Uganda na inapokea barua ya Kingereza. Sentensi yenye wote wanatafuta ndani yake ni hii: "Your family is likely to travel in March." Kijana wa nyumba, mwenye alisoma Kingereza kidogo, anatafsiri mbio mbio: "Tutasafiri mwezi wa tatu." Baba anauza vitanda, mama anagawia majirani masufuria, watoto wanaacha masomo. Mwezi wa tatu unafika, unapita, hakuna safari. Kila mtu anasema: "Batu ba ofisi balitudanganya."

Lakini barua haikudanganya. Haikusema kwamba watasafiri. Ilisema safari ina nafasi kubwa ya kufanyika, na ikaacha mlango wazi kwa upande wa kukosa. Yote hayo yalikuwa ndani ya neno moja, "likely", na hakuna mtu aliyelipima.

Siku hizi Wakongomani wengi wanakutana na Kingereza wakiwa tayari watu wazima: wakimbizi walio Nakivale na Kyangwali, wafanya biashara wanaokwenda Kampala, Nairobi ao Dubai, wafanyakazi wa mashirika ya misaada huku Goma na Bukavu, jamaa zilizohamia Marekani na Kanada. Shuleni walisoma kwa Kifaransa, nyumbani wanasema Kiswahili, Kishi, Kinande, Kibembe ao luga ingine. Kingereza kinakuja cha mwisho, na yale maneno madogo yenye kupima uhakika njo yanapita bila kuonekana. Inafaa basi kuyaangalia moja kwa moja: yanafanya kazi namna gani, yanapimwa namna gani, na wapi yanaweza kumuumiza mtu.

Ngazi ya uhakika

Kiswahili kinaweka uhakika mahali mbalimbali. Kuna maneno ya pembeni kama labda, pengine, huenda, hakika, bila shaka. Kuna "lazima" na "inawezekana". Na mara nyingi ni sauti ya mwenye kusema njo inaeleza: "Atakuya" inaweza kuwa ahadi, inaweza kuwa matumaini tu, na wasikilizaji wanaelewa kwa kumwangalia uso.

Kingereza pia kina maneno ya pembeni, kama "maybe" na "perhaps". Lakini wasema-Kingereza wanapenda sana njia ingine. Wanachukua kivumishi, ile aina ya neno yenye inaeleza sifa kama "mrefu" ao "mgonjwa", wanaliweka nyuma ya "is" ao "are", kisha wanaongeza "to" na kitendo. Vile mtu anaweza kuwa mrefu ao mgonjwa, anaweza pia kuwa "likely to come". Uhakika unageuka kuwa kama sifa ya mtu, ya barabara, ya mvua ao ya bei.

Maneno hayo yanapangwa kama ngazi. Juu kabisa kuna "certain to", "sure to" na "bound to". Mtu akisema "It is bound to rain", anataka kusema mvua itanyesha, haiwezi kukosa. Chini kidogo kuna "highly likely to" na "very likely to": karibu hakika, lakini mlango mdogo umebaki wazi. Kisha kuna "likely to" peke yake: nafasi ya kufanyika ni kubwa kuliko nafasi ya kukosa, lakini kukosa kunawezekana kabisa. Katikati ya ngazi kuna "as likely as not", ndiyo kusema nusu kwa nusu. Ukishuka zaidi unakuta "unlikely to": haionekani kama itafanyika, hata kama haijakatazwa. Kisha "highly unlikely to". Na chini kabisa "certain not to": haitafanyika, usingoje.

Kosa lenye linarudi mara nyingi ni kupandisha kila neno mpaka juu ya ngazi ao kulishusha mpaka chini. "Likely" inakuwa "ndiyo", "unlikely" inakuwa "hapana". Mtu mwenye aliambiwa na profesa "You are unlikely to get the scholarship" anaacha hata kutuma karatasi zake, wakati mlango ulikuwa haujafungwa.

Nani mwenye uhakika?

Kuna jambo lenye linachanganya hata wanafunzi wenye wamesoma Kingereza miaka mingi. Angalia sentensi mbili: "He is sure to win" na "He is sure of winning." Zinafanana sana, lakini hazisemi jambo moja.

Katika ya kwanza, mwenye uhakika ni yule anayesema. Yeye njo anaona kwamba jamaa huyo atashinda. Mshindani mwenyewe anaweza kuwa anatetemeka kwa woga, hana matumaini hata kidogo. Katika ya pili, mwenye uhakika ni mshindani. Yeye njo anajiamini, na yule anayesema anaweza kuwa anamcheka ndani ya roho. Neno dogo "to" linahamisha uhakika kutoka kichwa cha mtu mmoja na kuupeleka ndani ya kichwa cha mwingine. "Certain" inafanya vilevile: "certain to" ni uhakika wa msemaji, "certain of" ao "certain that" ni uhakika wa mwenye anasemwa.

Kwa mfanya biashara jambo hili lina bei. Akipokea ujumbe "The supplier is sure to deliver on Friday", ajue kwamba mwenye mali hajaahidi kitu. Ni mwandishi wa ujumbe njo anafikiri hivyo. Ujumbe ungesema "The supplier is sure he will deliver on Friday", hapo mwenye mali mwenyewe ametoa neno lake. Siku ya tano ikipita bila mzigo, katika hali ya kwanza atauliza yule aliyeandika, "Ulitegemea nini?" Katika hali ya pili ataenda moja kwa moja kwa mwenye mali.

"Likely" na "bound" hazina njia mbili. Siku zote zinabeba mawazo ya mwenye kusema. Na "likely" ina mitego yake. Wa kwanza ni sura yake: inafanana na "like", kupenda. Kwa hiyo "I am likely to go" inasomwa na wengine kama "ningependa kwenda". Hapana, maana yake ni "naona nitaenda", na mtu anaweza kuisema juu ya mahali asipotaka hata kupaona. Mtego wa pili ni mwisho wake: maneno mengi ya Kingereza yenye kuishia kwa "-ly" yanaeleza namna ya kutenda, kama "slowly", polepole. "Likely" ni kivumishi, kama "friendly", njo maana inakaa vizuri nyuma ya "is".

Mtego wa tatu ni kufikiri kwamba vivumishi vyote vya namna hii vinatii sheria moja. Mtu anaweza kusema "He is likely to come", lakini hawezi kusema "He is possible to come" wala "He is probable to come". Kwa "possible" na "probable" inafaa kuanza na "it": "It is possible that he will come." Kwa "likely" na "certain" njia zote mbili zinapita. "Sure" inapita njia ya kwanza tu: wasema-Kingereza hawana desturi ya kusema "It is sure that", hata kama Kifaransa kinasema bila shida "c'est sûr que".

Kufungwa, kungojewa, kuwa hatarini

"Bound" ni neno lenye picha ndani yake. Linatoka kwa kitendo cha kufunga kwa kamba. Jambo lenye ni "bound to happen" ni kama limefungiwa, haliwezi kutoroka. Ndiyo sababu neno hilo linabeba pia maana ya sharti: mtu aliye "bound by law" amefungwa na sheria. Msema Kiswahili hatashangaa, kwa sababu "lazima" inafanya kazi hizo mbili: "Lazima ulipe" ni sharti, lakini "Lazima amekwisha fika" ni uhakika wa mwenye kusema. Kuna "bound" ingine yenye mzizi tofauti, ile ya "bound for Mombasa". Hiyo inasema tu kwamba chombo kinaelekea Mombasa. Haisemi kama kitafika.

"Due to" nayo inadanganya wasafiri. "The boat is due to leave at six" inaeleza programu: saa yenye imepangwa. Haitoi uhakika wowote juu ya hali ya ziwa ao ya mashini. Na "liable to" inatumiwa zaidi kwa mambo mabaya: barabara yenye ni "liable to flood" ni ile maji yanaweza kuijaa. Katika karatasi za sheria, "liable" peke yake ni mtu mwenye atalipa kama kuna hasara. Asiyejua hayo anaweza kutia sahihi akifikiri anasoma habari ya labda, kumbe anakubali deni.

Pale "not" inakaa

Katika maneno ya uhakika, mahali pa kukana panabadilisha yote. "She is not certain to get the visa" ina maana kwamba visa haijawa hakika. Anaweza kuipata, anaweza kuikosa. "She is certain not to get the visa" ina maana kwamba hataipata. Ni maneno yaleyale, "not" imeruka nafasi moja tu, na sentensi imeanguka kutoka katikati ya ngazi mpaka chini kabisa.

Kwa "likely" mwanya huo ni mdogo. "Not likely to come" na "likely not to come" zinakaribiana, zote zinasema kuja hakuonekani. Hapo njo wengi wanazoea kutojali mahali pa "not", kisha wanaleta desturi hiyo kwa "certain", na wanatoa habari mbaya pasipo na habari mbaya.

Neno moja, masikio mengi

Mtu asifikiri kwamba wasema-Kingereza wenyewe wanaelewana siku zote. Mwaka 1951, serkali ya Marekani ilitaka kujua kama Umoja wa Kisovieti na marafiki zake wangeshambulia Yugoslavia ndani ya mwaka huo. Wachunguzi wa CIA waliandika kwamba shambulio ni "serious possibility", ndiyo kusema jambo lenye linawezekana kwa uzito. Mmoja wa wakubwa wa kazi hiyo alikuwa Sherman Kent, mwanahistoria aliyekuwa amefundisha katika chuo kikuu cha Yale.

Siku chache kisha, mkubwa mmoja wa wizara ya mambo ya inje ya Marekani alimuuliza Kent walifikiri nini walipoandika maneno hayo. Kent akajibu kwamba yeye aliona nafasi ya shambulio ni 65 kwa 35. Yule mkubwa alishtuka. Yeye na wenzake walikuwa wamesoma maneno yaleyale na kuelewa nafasi ndogo sana kuliko hiyo. Kent akarudi kuuliza wenzake walioandika naye, wale waliokubali sentensi ile kwa sauti moja. Mmoja alikuwa anafikiri nafasi ni 80 kwa 20. Mwingine alikuwa anafikiri 20 kwa 80. Walikuwa wametia sahihi chini ya sentensi moja, kila mtu na maana yake. Shambulio lenyewe halikutokea.

Mwaka 1964 Kent aliandika makala yenye inasomwa mpaka leo na wachunguzi wa habari za siri. Alipendekeza kila neno lipewe hesabu: "almost certain" iwe karibu asilimia 93, "probable" karibu asilimia 75, na maneno yenye kusema "haielekei" karibu asilimia 30. Wenzake wengi hawakupenda. Waliona lugha ni ya kuandika vizuri, si ya kucheza kamari.

Lakini mfano mbaya ulikuwa umekwisha kutokea. Mbele ya shambulio la Kuba mwezi wa ine mwaka 1961, wakubwa wa jeshi la Marekani walimwandikia Rais Kennedy kwamba mpango ule una "fair chance" ya kufaulu. Kwa masikio ya wengi, "fair" ni kizuri, kinachotosha. Jenerali aliyehusika na maandishi yale alieleza kisha kwamba kwake ilikuwa na maana ya nafasi 30 tu kwa 100. Watu karibu 1,400 walishuka pwani ya Kuba. Zaidi ya 1,100 kati yao walikamatwa, na wengine zaidi ya mia moja walikufa. Kivumishi kimoja hakikuleta kushindwa kule, lakini kiliacha mkubwa wa inchi aamue bila kujua washauri wake waliogopa kiasi gani.

Maneno yanapopewa hesabu

Leo taasisi mbalimbali zimefanya kile Kent alitaka. Serkali ya Uingereza ina kipimo cha wachunguzi wake. Ndani yake "unlikely" ni kati ya asilimia 25 na 35, "likely" ni kati ya 55 na 75, "highly likely" kati ya 80 na 90, na "almost certain" ni 95 kwenda juu. Tangu vita ya Ukraine ilipokuwa kubwa mwaka 2022, wizara ya ulinzi ya Uingereza imekuwa ikitangaza habari zake kwa maneno hayohayo. Redio inayotafsiri "highly likely" kwa "hakika" inaongeza kitu chenye wizara haikusema.

Wanasayansi wa hali ya hewa walio katika kundi la Umoja wa Mataifa, IPCC, wana kipimo kingine. Kwao "likely" inaanza asilimia 66, "very likely" inaanza 90, "extremely likely" inaanza 95, na "virtually certain" inaanza 99. Kwa hiyo neno "likely" la London na "likely" la IPCC hazina uzito mmoja, hata kama herufi ni zilezile.

Ukifuata ripoti za IPCC, unaweza kuona elimu ikipanda ngazi kwa vivumishi tu. Swali lilikuwa moja: je, ni binadamu njo amepasha dunia joto katika miaka ya karibuni? Mwaka 2001 ripoti ilijibu "likely". Mwaka 2007 ikajibu "very likely". Mwaka 2013 ikawa "extremely likely". Mwaka 2021 waliacha ngazi yenyewe na kuandika "unequivocal", ndiyo kusema jambo halina maana mbili. Msomaji mwenye kutafsiri yote hayo kwa "inawezekana" anapoteza kazi ya miaka 20.

Huku kwetu: Ebola na CPI

Wakaaji wa Beni, Butembo na Mangina wanajua vivumishi vya uhakika kuliko wanavyofikiri. Wakati wa Ebola iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 2018 na kumalizika tarehe 25 mwezi wa sita mwaka 2020, kila siku redio zilisema juu ya wagonjwa "suspects", "probables" na "confirmés". Kingereza kilisema "suspected", "probable", "confirmed". Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Katika 3,470 hao, 3,317 walikuwa "confirmed": maabara ilipata virusi. Wengine 153 walibaki "probable".

Wengi walisikia "probable" kama "labda", na wakasema serkali inaongeza hesabu kwa watu wenye haijui. Lakini katika kazi ya waganga neno hilo lina masharti. Mara nyingi ni mtu aliyekufa akiwa na dalili, mwenye alikutana na mgonjwa aliyethibitishwa, na akazikwa mbele ya kuchukuliwa kipimo. Hakuna tena namna ya kwenda maabara, lakini ushahidi wa njia yake ni mzito. Kati ya "labda" na "probable" kuna makaburi 153 hivi yenye jamaa zao zinayajua.

Korti ya kimataifa ya uhalifu, ile watu wanaita CPI, nayo inatembea kwa vivumishi. Sheria yake inaweka ngazi tatu. Kwa kutoa hati ya kumkamata mtu inatosha "reasonable grounds to believe", sababu za kuridhisha za kuamini. Kwa kumpeleka katika kesi inahitaji "substantial grounds", sababu nzito. Kwa kumhukumu inahitaji uhakika "beyond reasonable doubt", wenye hauachi shaka yoyote ya maana.

Mathieu Ngudjolo alipita ngazi mbili za kwanza katika kesi ya shambulio la Bogoro, huko Ituri, tarehe 24 mwezi wa pili mwaka 2003. Tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2012 waamuzi walisema ngazi ya tatu haikufikiwa, wakamwachilia. Walieleza wazi kwamba kumwona mtu hana hatia mbele ya korti hakulazimishi kusema kwamba waamuzi wanamwona ni mwema. Ni kusema kwamba ushahidi haukufika kipimo. Mwaka 2015 uamuzi huo ulithibitishwa. Mtu akikubali ao asikubali, inafaa ajue korti ilisema nini hasa.

Woga wenye msingi

Pengine hakuna mahali pengine penye kivumishi kinagusa maisha ya Mkongomani kama katika kesi ya ukimbizi. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951 yanamtaja mkimbizi kuwa mtu mwenye "well-founded fear", woga wenye msingi. Lakini msingi uwe mkubwa kiasi gani?

Huko Marekani swali hilo lilifika mpaka Korti Kuu. Mwaka 1987, katika kesi ya mwanamke mmoja kutoka Nicaragua, waamuzi walisema woga unaweza kuwa na msingi hata kama nafasi ya kuteswa iko chini ya nusu. Hata nafasi moja kwa kumi inaweza kutosha. Ulinzi mwingine wa sheria ileile, wa kutorudishwa katika inchi yenye hatari, unadai kipimo cha "more likely than not", ndiyo kusema zaidi ya nusu. Hadithi ni moja, mtu ni mmoja, lakini maneno mawili tofauti yanaweza kutoa majibu mawili tofauti.

Kwa hiyo mkimbizi akiulizwa "Are you certain you would be harmed?" na akajibu kwa ukweli wake "No, I am not certain", hajaharibu kesi yake. Woga wenye msingi hauhitaji uhakika. Aendelee kueleza nini inamfanya aogope: nani alikuja, alisema nini, nini iliwapata majirani. Na mwenye kutafsiri asigeuze "naogopa wataniua" kuwa "they might kill me" ao "they are certain to kill me" kwa kupenda kwake. Neno la kwanza linapunguza, la pili linaongeza, na mtu akisha kuongeza mara moja, ofisa hataamini yaliyobaki.

Mitego ya Kifaransa

Mwenye alisoma Kifaransa anabeba mizigo mingine. "Sans doute", ukiitafsiri neno kwa neno, ni bila shaka. Lakini Wafaransa wenyewe wanaitumia kwa kusema "pengine", na wakitaka uhakika wa kweli wanaongeza: "sans aucun doute". Mtu akichukua "sans doute" na kuandika "it is certain", amepandisha labda kuwa hakika. "Éventuellement" ni "ikiwezekana", lakini "eventually" ya Kingereza ni "mwishowe itafanyika". Barua yenye kusema "You will eventually be paid" inaahidi malipo, hata kama yatachelewa. Haisemi "mtalipwa kama inawezekana".

"Certain" nayo ina sura mbili katika luga zote mbili. "A certain doctor" si daktari mwenye uhakika. Ni daktari fulani, na jina lake halikutajwa. Na huku mjini, pale watu wanasema "niko sûr", mara nyingi wanataka kusema "nafikiri hivyo". Wakivusha desturi hiyo ndani ya Kingereza na kumwambia mwenye duka "I am sure the money will come tomorrow", yeye atasikia ahadi.

Namna ya kuuliza

Kingereza chenyewe kinatoa dawa. Kwa kuwa "likely" ni kivumishi, kinakubali kupimwa kama urefu ao uzito. Mtu anauliza "How tall?", anaweza pia kuuliza "How likely is it?" Ni swali la heshima, halimkasirishi mtu wa ofisi, na linamlazimisha aseme kama anafikiri juu ya 60 kwa 100 ao 95. Kama barua imetoka kwa taasisi yenye ina kipimo chake, mara nyingi kipimo hicho kimeandikwa mahali fulani katika kurasa zake, na inafaa kukitafuta.

Swali la pili ni la mwenye uhakika: "Who is sure?" Ni ofisi, ni mwenye kuandika, ao ni mtu wa mbali mwenye maneno yake yamepitia midomo mitatu? La tatu ni "What could change this?", nini inaweza kubadilisha jambo hili. Jibu lake njo linasaidia zaidi katika maisha ya kila siku, kwa sababu linaonyesha mtu angoje nini: kipimo cha mganga, karatasi ya polisi, sahihi ya mkubwa, ao mvua ikome.

Wenye kutafsiri, ikiwa ni katika ofisi, kanisani, hospitalini ao redioni, wanaweza kujiwekea kanuni ndogo. "Certain to" na "bound to": hakika, haiwezi kukosa. "Very likely": karibu hakika. "Likely": kuna nafasi kubwa, lakini inaweza kukosa. "Unlikely": haionekani kama itafanyika, lakini haijafungwa. Ni maneno marefu kuliko "ndiyo" na "hapana". Lakini mwenye anataka kujua kama auze vitanda ao avibakishe, anahitaji kuyasikia yote mpaka mwisho.